Amana ya Mpiga Picha wa Arusi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Aliyehalalisha ndoa na Akaharimisha zinaa, Aliyeamrisha sitara na Akakataza fedheha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla ya kupewa utume, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika siku za huzuni na katika siku za furaha. Na khasa katika siku za furaha, kwani mtu aliyefikwa na msiba humkumbuka Mola wake bila ya kukumbushwa, lakini aliyemo katika furaha husahau upesi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakastaajabu kulisikia katika khutba ya Ijumaa, nalo ni kumwajiri mtu wa kupiga picha za video katika arusi zetu. Watasema kuwa hilo ni jambo la kidunia, halina mahusiano na mimbari. Sisi tunasema kuwa ndani yake mna ujira, na mna mapatano, na mna sitara ya wanawake, na mna haki ya jirani. Na hakuna hata moja katika hayo ambalo dini yetu imeliacha bila ya kulitolea uongozi.

Tunajua kuwa maulamaa wamekhitalifiana juu ya picha zenyewe. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuhalalisha picha za kamera, na hoja yake ni kuwa kazi ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, wala si kuumba. Na wako waliokaza, kama Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, ambaye hakuruhusu picha ila kwa dharura. Hatukukusudia leo kuihukumu khitilafu hiyo. Aliyeshika kauli ya kukataza, basi ashikamane nayo wala asidharauliwe kwayo. Maneno yetu ni kwa wale waliochukua kauli ya kuruhusu, nao ni wengi katika nyumba zetu, kwani ruhusa nayo ina mipaka yake.

Ndugu zetu Waislamu, kila inapokaribia miezi ya arusi, khasa Shaabani na Mfunguo Mosi, watu hutafuta mpishi, hutafuta viti na maturubai, na hutafuta mpiga picha. Mpishi akiharibu, imeharibika karamu ya siku moja. Watu watakula kilichopo, na baada ya wiki mbili watakuwa wamesahau. Lakini mpiga picha anaingia nyumbani, anatazama, kisha anatoka na kile alichokitazama. Anapoaga usiku ule, nyumba nzima imo ndani ya mkoba wake. Kwa hivyo, tunapomlipa mtu huyu hatununui picha tu. Tunamwekea amana.

Tutakuhadithieni shauri moja lililoletwa mbele yetu, bila ya kutaja jina la mtu wala la mji, kwani haja yetu ni mazingatio, si kumfedhehesha mtu.

Baba mmoja alimwoza binti yake. Alikuwa mgonjwa, lakini alijikaza, akaenda msikitini, akamshika mkono mkwewe na akamwoza kwa ulimi wake mwenyewe. Jamaa walikuwa wamemchukua kijana mpiga picha waliyesifiwa kuwa kazi yake ni nzuri. Maneno yote yalikwisha kwa simu. Aliulizwa bei, akaitaja, akapelekewa arubuni, nusu ya fedha, na kwa mengine yote wakaambiana, "Tutaelewana." Kwa upande wa wanawake, yule kijana alisema kuwa atamleta dada mmoja anayefanya kazi pamoja naye, na jamaa wakaridhika.

Arusi ikapita salama. Nusu ya pili ya fedha haikulipwa. Upande wa mke ulidhani kuwa utalipa upande wa mume, na upande wa mume ulidhani kinyume chake. Kijana alikwenda, akarejeshwa. Akapiga simu, haikupokewa. Ikapita miezi minne. Naye akakasirika, akaiweka kazi ile upande bila ya kuitengeneza. Kisha zile kadi ndogo za kamera ambazo picha zote zilikuwamo akazitumia katika arusi za watu wengine, na picha mpya zikazifuta za zamani. Kitu kimoja tu alikuwa amekitoa mapema: kipande kifupi cha siku ya kupambwa bibi arusi, siku ya wanawake watupu, waliokaa wamevua mabuibui yao kwa kuaminiana. Kipande hicho alikitia katika mtandao ili kutangaza kazi yake, na kikatazamwa na watu asiowajua yeye wala wao.

Mwezi wa tano yule baba akafariki dunia. Hapo ndipo jamaa walipokwenda mbio na fedha mkononi kutaka picha za ndoa. Mjane alikuwa na haja moja tu, amwone mumewe na aisikie sauti yake akimwoza mtoto wao. Akaambiwa kuwa hazipo.

Tazameni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Kilichotakiwa kuhifadhiwa kimepotea, na kilichotakiwa kusitiriwa kimebaki.

Walipokuja mbele yetu kila upande ulikuwa na maneno mengi. Sisi tukauliza neno moja: "Mliandikiana nini?" Wakanyamaza wote. Kijana alifuta kile kipande, akarejesha arubuni kwa mafungu, akamwomba radhi yule binti. Na jamaa wakamwomba radhi kijana kwa kumzungusha. Sulhu ikapatikana, na kheri imo katika sulhu. Lakini yule mama alirudi nyumbani kwake bila ya kile alichokijia.

Basi na tutazame ni mlango gani ulioachwa wazi hata hasara ikaingia.

Mlango wa kwanza ni wa kumchagua mtu. Katika Sura ya Al-Qasas Mwenyezi Mungu Ametuhadithia habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan na akawanyweshea maji wanyama wa wale mabinti wawili. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu ya kazi na awe mwaminifu. Sifa hizi mbili ni mizani ya kila ajira. Sisi leo huuliza juu ya ile ya kwanza tu. Tunauliza: kamera yake ni ya namna gani, picha zake zinang'ara vipi, arusi ya fulani aliipiga yeye? Hatuulizi: picha za nyumba aliyoingia mwaka jana ziko wapi leo? Kama mtu akikuonyesha arusi za wanawake wa watu ili akuvutie kwa kazi yake, basi fahamu kuwa na ya kwako itaonyeshwa vivyo hivyo kwa atakayekuja baada yako.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuwekea mfano mkubwa zaidi. Alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, yeye na Sayyidna Abubakar walimwajiri mtu wa kabila la Bani Dil awaongoze njia. Mtu huyo hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa bingwa wa njia na walimwamini. Wakamkabidhi ngamia wao, wakawekeana miadi ya mahali na wakati: pangoni Thaur, baada ya siku tatu. Makureshi walikuwa wameahidi zawadi ya ngamia mia kwa atakayemleta Mtume. Lau mtu yule angekuwa na ujuzi bila ya uaminifu, angetajirika kwa siku moja. Lakini alikuja kwenye miadi yake, akawapitisha njia ya pwani, akawafikisha salama. Angalieni jinsi mambo yote matatu yalivyokusanyika: ujuzi, uaminifu, na mapatano yaliyo wazi.

Mlango wa pili ni wa mapatano. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafii wameziweka nguzo za ijara kuwa ni nne: wenye kupatana, na matamko ya kupatana, na ujira, na manufaa yanayoajiriwa. Ujira uwe unajulikana, na kazi iwe inajulikana. "Tutaelewana" si ujira wala si kazi. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuja kueleza Sala wala Saumu. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo inaamrisha deni la muda liandikwe, dogo au kubwa, wala watu wasione uzito kuliandika. Na nusu ya ujira iliyobaki baada ya kazi kukabidhiwa ni nini, kama si deni?

Kwa hivyo tunakunasihini muandike. Karatasi moja inatosha. Iandikwe siku na saa na mahali, na idadi ya watu watakaokuja na kamera. Uandikwe ujira wote ni kiasi gani, arubuni ni kiasi gani, na zilizobaki atazilipa nani kwa jina lake, na siku gani. Iandikwe kazi itakabidhiwa lini na kwa namna gani. Iandikwe kuwa tangu usiku ule wa arusi picha zitawekwa nakala mbili katika vyombo viwili mbalimbali, wala kadi za kamera hazitafutwa mpaka mwenye arusi athibitishe kuwa amepokea kazi yake. Iandikwe kuwa haitaonyeshwa picha kwa mtu yeyote wala haitatiwa katika mtandao ila kwa idhini ya maandishi ya wenyewe. Na iandikwe litakuwaje ikiwa mmoja ataumwa au arusi itaakhirishwa. Kisha watie sahihi pande mbili, na kila mmoja achukue nakala yake. Anayeona haya kumtaka mwenzake maandishi siku ya furaha, ataona haya zaidi kusimama naye mbele ya hakimu.

Mlango wa tatu ni wa sitara. Katika shauri lile, watu waliridhika kwa kuwa aliyeingia na kamera kwa wanawake alikuwa mwanamke. Hilo ni jema na ndilo linalotakiwa, lakini halitoshi. Kamera iliyoshikwa na mwanamke mchana, picha zake zinatengenezwa na nani usiku? Ikiwa zinapelekwa kwa mwanamume akazikate na kuziunga, akae nazo saa nyingi akizirejea moja moja, basi faida ya kumleta mwanamke imekuwa wapi? Ulizeni swali hilo kabla ya kutoa arubuni. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa kupiga hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Na mtu mmoja alipochungulia kwa tundu katika chumba chake, Mtume alimkemea kwa ukali mkubwa kabisa. Tundu lile lilionyesha kwa jicho moja na kwa dakika moja. Tundu la kamera linaonyesha kwa macho ya walio mbali na ya wasiozaliwa bado.

Na wageni nao wana haki. Mwanamke aliyealikwa amekuja kula walima na kumwombea dua bibi arusi. Hakuja kutoa sura yake. Basi watangaziwe mapema, tangu katika kadi ya mwaliko, kuwa patakuwa na kamera, na itengwe sehemu ya kukaa wasiotaka kupigwa. Wala tusimlaumu mpiga picha peke yake, kwani simu zilizomo mikononi mwa wageni wenyewe zimevunja sitara nyingi kuliko kamera yake. Siku ya wanawake, simu na ziwekwe mlangoni kwa mtu mwaminifu. Atakayeona vibaya leo atashukuru kesho.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, yamebaki mambo matatu tutakayoyasema kwa ufupi.

La kwanza ni haki ya mwenye kuajiriwa. Mtume (S.A.W.) ameamrisha apewe mwajiriwa ujira wake kabla halijakauka jasho lake. Na imekuja katika Hadithi sahihi kuwa Mwenyezi Mungu Mwenyewe Atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Wako watu wanaotoa fedha nyingi kwa mapambo ya siku moja, na mpiga picha wakamwambia aje mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi mwingine. Msidhani kuwa kazi yake ilikwisha siku ile mlipomwona. Amekesha usiku mwingi akizitazama picha na kuzipanga, na vyombo vyake ni ghali, na huenda vingine ni vya kukodi. Kumzungusha ni dhuluma. Na dhuluma ya mwajiri haimhalalishii mwajiriwa khiyana. Kijana yule alidhulumiwa fedha, naye akadhulumu amana, na madhila mawili hayakuzaa haki.

Kisha lipeni kwa mnachokimiliki. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima walau kwa mbuzi mmoja. Hakumwambia akope. Na ametuambia kuwa chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoalikwa matajiri wakaachwa maskini. Basi ikiwa fedha za kamera ya pili na ya tatu zingeweza kuwalisha mafakiri wa mtaa, hilo lenye kubaki ni bora kuliko picha. Arusi isiyopigwa picha ni arusi kamili, na ndoa yake ni sahihi. Babu zetu na bibi zetu wengi hawana picha hata moja ya arusi zao, na sisi wajukuu zao ndio ushahidi.

La pili ni adabu ya kazi yenyewe. Tunawaambia vijana wetu, na khasa wanafunzi wanaojifunza ufundi huu, kuwa hii ni riziki ya halali kwa mwenye kuichunga. Mwandishi wa deni na shahidi wametajwa katika ile aya ya Al-Baqara, wakapewa wajibu wao na wakalindwa wasidhuriwe. Nanyi mna sehemu katika kazi ya mwandishi, kwani mnaandika yaliyotokea. Andikeni kwa uaminifu. Msiingie mahali bila ya hodi. Msimsimamishe khatibu, wala msimtake walii arudie kuoza kwa kuwa taa yenu haikuwaka. Ndoa haikufungwa kwa ajili ya kamera. Wakati wa Sala ukiingia, wekeni vyombo mkasali. Na mkishamkabidhi mwenye kazi kazi yake, futeni nakala mlizobaki nazo ila mlizoruhusiwa. Hakuna tangazo bora la kazi yenu kuliko watu kusema: huyu tulimwingiza nyumbani, na hatukusikia neno lolote juu ya nyumba yetu.

La tatu ni haki ya jirani. Siku hizi wako wanaorusha vile vidude viitwavyo droni, ndege ndogo zisizo na rubani zenye kamera, ili kuonyesha arusi kutoka juu. Miji yetu ya zamani, Lamu na Mombasa na Unguja, ilijengwa na nyumba zenye kuta ndefu na ua ndani, ili mwanamke wa nyumbani aote jua na afue nguo zake bila ya kuonekana na mpita njia. Ndege ile ikipita juu ya paa, sitara ya mtaa mzima imeondoka, na jirani hakualikwa wala hakuulizwa. Na juu ya hayo, hairuhusiwi kurushwa ovyo: Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020, na Tanzania nayo inataka kibali.

Na juu ya picha za watu kwa jumla, sheria za nchi zimekuja kuunga mkono jambo ambalo dini yetu imelisema zamani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 ofisi yenye kuisimamia sheria ya Kenya iliitoza skuli moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi wadogo bila ya ridhaa ya wazazi wao. Asiyeogopa hisabu ya Akhera, basi hata hisabu ya duniani ipo. Lakini Mwislamu haingojei faini. Yeye anajua kuwa vikao ni amana, na kuwa atakayesitiri aibu ya Mwislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu Atamsitiri yeye duniani na Akhera.

Enyi akina baba na akina mama, mkifika nyumbani leo, kaeni pamoja na watoto wenu mnaowatayarishia arusi, na kabla ya kuzungumza rangi ya mapambo, zungumzeni neno hili: nani tutamwingiza na kamera katika nyumba yetu, kwa masharti gani, na nani atamlipa? Na ambao arusi zao zimepita na bado wana deni la mpiga picha, waende wakamlipe kabla ya Ijumaa ijayo, kisha wamwombe kazi yao wakiwa na uso mweupe. Huenda katika kazi hiyo imo sauti ya mzee ambayo hamtaisikia tena mahali pengine.

Ewe Mola wetu, sitiri aibu zetu, na utulizie khofu zetu. Ewe Mola wetu, wabarikie waliooana, na uweke mapenzi na huruma baina yao. Wape vijana wetu riziki za halali na mikono yenye kuaminika. Tujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi tunapoahidi, na kurejesha amana tunapoaminiwa. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, ambao tuna picha zao na ambao hatuna, kwani Kwako Wewe hapana kilichopotea. Amin.

Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Na sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote.